Eti "Ni Kalogo Tu"!

Leo sitazungumzia simu mpya, wala lile swali la kila wiki la lugha gani ya programu kijana ajifunze kwanza. Kuna jambo limenikaa kooni siku nyingi na leo nalitema. Linahusu watu tunaofanya nao kazi sisi watengeneza programu, meza kwa meza, watu ambao mji huu umezoea kuwanyonya mchana kweupe: wabunifu wa grafiki.

Sentensi yenyewe unaijua. Umeisikia, au (samahani) umeitamka. "Nisaidie na kalogo kadogo hivi. Hata haitakuchukua dakika kumi. Kwa sasa bajeti hatuna, lakini tutakutangaza, utapata jina." Anayesema hivyo ametoka kulipa kodi ya ofisi. Ametoka kumlipa fundi wa stima. Ametoka kumlipa seremala aliyetengeneza meza ya mapokezi. Hakumwambia seremala kwamba atamtangaza. Hakumwambia fundi wa stima kwamba waya mbili tatu si kazi. Lakini akifika kwa mbunifu, ghafla kazi yote inakuwa "kakitu".

Basi nasema bila kupindapinda: nembo ya bure haipo. Kuna mtu anailipia. Anailipia kijana aliyekesha usiku tatu na bado mwenye nyumba anagonga mlango tarehe tano. Na wewe uliyeomba ya bure umejipunja pia, kwa sababu hujaelewa unachonunua. Unadhani unanunua mchoro. Unanunua uamuzi, na uamuzi mbaya utakaa juu ya mlango wako miaka kumi.

Nina rafiki mbunifu, bado hajafika miaka 25. Kutembea naye mjini ni shughuli. Mtavuka Tom Mboya Street mara moja tu, lakini yeye atasimama mara nne. Atauliza kwa nini dawa ya mende ina pakiti nzuri kuliko kabrasha la bima ya afya. Atauliza nani aliamua kwamba kila mgombea kwenye bango la kampeni lazima akunje mikono. Atapiga picha kibao cha kinyozi kilichochorwa kwa brashi, halafu atakitazama wiki nzima. Wenzake wakifungua video mpya ya mwanamuziki wanasikiliza wimbo. Yeye anatazama jinsi jina la wimbo lilivyoandikwa sekunde tano za mwanzo, anarudisha nyuma, anatazama tena. Akishika kijitabu cha ibada ya mazishi anasikitika mara mbili, mara ya kwanza kwa marehemu, mara ya pili kwa fonti.

Watu huona huo ni mzaha wa kijana asiye na la kufanya. Mimi nimegundua kwamba ndiyo kazi yenyewe. Chukua Comic Sans, fonti inayotukanwa kuliko zote duniani. Vincent Connare aliichora mwaka 1994 akiwa Microsoft, baada ya kuona programu moja, Microsoft Bob, ambamo mbwa wa katuni alikuwa anazungumza kwa herufi za Times New Roman. Hebu fikiri! Mbwa wa katuni anaongea kwa herufi za gazeti la serikali. Connare aliona haifai, akachora herufi za kufanana na zile za vitabu vya katuni. Kwa mbwa yule, Comic Sans ilikuwa jibu sahihi. Balaa ilianza ilipochukuliwa na kila mtu, ikawekwa juu ya notisi za kuwafukuza wapangaji na onyo la stima hatari. Hata CERN, walipotangaza tarehe 4 Julai 2012 kwamba wamepata chembe inayofanana na ile ya Higgs iliyokuwa ikitafutwa kwa miongo kadhaa, sehemu ya slaidi zao zilikuwa za Comic Sans, na nusu ya intaneti ikasahau fizikia ikaanza kucheka fonti.

Unaona jambo lenyewe? Herufi zilezile, mahali pengine, maana nyingine. Anayejua tofauti hiyo amejifunza kwa kutazama maelfu ya vibao, vifuniko vya kanda, mabango na matatu. Sisi watengeneza programu tunalipwa mshahara kwa jambo kama hilo hilo. Ukinikuta nimeukodolea macho ukurasa wa kodi nusu saa bila kugusa kibodi, bosi hasemi nimelala. Anajua natafuta hitilafu. Mwisho wa siku naweza kubadilisha mstari mmoja tu, na hakuna atakayesema nilipwe pesa za mstari mmoja. Mbunifu akitazama dirishani nusu saa, huyo anaambiwa hana kazi.

Paula Scher, mbunifu wa New York, alichora wazo la nembo ya Citi kwenye karatasi ya kupangusia mikono, ndani ya kikao cha kwanza na mteja, mwaka 1998. Benki ya Citicorp ilikuwa inaungana na Travelers, kampuni ya bima iliyokuwa na mwavuli kwenye nembo yake. Scher aliona kwamba herufi "t" ndogo, mkia wake ukiwa umepinda chini, ni mpini wa mwavuli tayari; akaweka upinde juu yake, basi. Sekunde chache. Ukimlipa kwa sekunde, utampa shilingi ngapi? Lakini sekunde zile zilikuwa na miaka zaidi ya 20 ya kazi nyuma yake. Hiyo miaka ndiyo mteja anayoinunua, na hiyo ndiyo anayetaka "kalogo" hataki kuilipia.

Najua mnachotaka kunijibu. "Hata nembo ya Nike ilitengenezwa kwa dola 35!" Hadithi hii inapendwa sana na watu wasiotaka kulipa, kwa hiyo tuisome yote. Mwaka 1971 Carolyn Davidson alikuwa mwanafunzi wa Portland State University kule Oregon. Phil Knight, aliyekuwa akifundisha uhasibu hapo, alihitaji alama ya kiatu kipya. Davidson alifanya kazi saa 17 na nusu, kwa dola 2 kwa saa, akatoa ankara ya dola 35. Nayo ikalipwa. Rudia hapo: ILILIPWA. Kampuni iliyokuwa changa, iliyokuwa haijapata hata umaarufu wa mtaa wa pili, ilipokea ankara ya mwanafunzi ikailipa. Halafu mwaka 1983, ilipokuwa tayari imetajirika, ikamwita Davidson ikampa pete ya almasi yenye alama ile na hisa za kampuni. Waliona wenyewe kwamba dola 35 hazikutosha. Sasa wewe unayenitolea mfano wa Nike, ankara ya mbunifu wako iko wapi?

Na kama unadhani alama ni pambo tu, panda matatu uende Gikomba. Simama mahali pa viatu vya mitumba utazame mikono ya wanunuzi. Kiatu kinageuzwa ubavu kwanza, kutafutwa ile alama, ndipo soli ikaguliwe. Kisha pita kwa wanaouza viatu bandia. Mghushi hahangaiki sana na gundi wala mshono. Kitu cha kwanza anachonakili ni ule mkwaju wa Davidson. Mwizi anajua thamani imekaa wapi. Bosi mwenye digrii mbili hajui!

Sasa tuingie barabarani, maana hapo ndipo hoja yangu inapopigiwa honi. Wenye matatu wa Nairobi wanaelewa ubunifu kuliko kampuni nyingi zenye ofisi Upper Hill. Nenda steji ya 58 ya Buruburu au ya 125 ya Rongai. Gari mbili zinaenda njia moja, injini zinafanana, nauli ni ileile. Moja imepakwa nyeupe, ina mstari wa manjano, basi. Nyingine ni nganya: imechorwa mwanamuziki ubavuni, mcheza mpira nyuma, herufi zimepindana kama moshi, taa za samawati ndani, skrini, spika zinazotikisa kifua. Vijana wanaacha ile tupu iondoke na viti vitupu. Wanasubiri nganya, hata kwa mvua.

Mwenye gari anaona hilo kwa macho yake, kila siku, kwa hesabu ya viti. Ndiyo maana anafungua mkoba. Analipa mchoraji pesa ambazo kampuni nyingi hazijawahi kumlipa mbunifu, na gari likichuja anarudi kulipa tena. Mwaka 2004 waziri John Michuki alipoleta kanuni zake, pamoja na mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano, michoro ilififia sana barabarani. Haikufa, ilirudi. Haikurudishwa na wapenda sanaa wala wafadhili. Ilirudishwa na abiria, kwa kuchagua gari la kupanda. Mchoraji wa matatu halipwi kwa kutangazwa, ingawa kama ni kutangazwa, nani anatangazwa kumshinda? Kazi yake inapita mbele ya maelfu ya watu kutwa. Bado anadai pesa zake, na anapewa. Basi ile "tutakutangaza" yenu, enyi wenye kurasa za wafuasi 300, ina uzito gani?

Kuna ubaya mwingine unaovaa nguo nzuri zaidi: mashindano ya nembo. Shirika linahitaji nembo mpya. Badala ya kumtafuta mbunifu, kukaa naye na kumwambia linataka nini, linatangaza shindano. "Vijana wabunifu, onyesheni vipaji vyenu!" Zawadi kwa mshindi mmoja. Wengine wanapewa shukrani.

Tupige hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu. Tuseme wameshiriki vijana 150, kila mmoja amefanya kazi saa 8. Hizo ni saa 1,200 za kazi. Tuseme zawadi ni shilingi 30,000. Gawanya. Shirika limenunua kazi ya vijana kwa shilingi 25 kwa saa, karibu bei ya chapati moja kibandani, na 149 kati yao hawakuionja hata hiyo chapati. Kisha soma kanuni zilizoandikwa kwa herufi ndogo kule chini. Mara nyingi utakuta kwamba kila kazi iliyowasilishwa inakuwa mali ya mwandalizi, hata iliyoshindwa. Yaani umeshindwa, hujalipwa, na mchoro wako umebaki kwao! Jaribu mtindo huo kwa mahoteli. Ingia hoteli 150, kila moja ikupikie pilau, ulipe ile moja uliyoipenda na ubebe masufuria yote. Utatoka mlangoni na miguu yako?

Haya, pingamizi zingine. Nitazijibu moja moja.

"Lakini Milton Glaser alitoa bure." Kweli. Mwaka 1977 Glaser alibuni ile nembo ya New York, I, moyo mwekundu, N na Y. Wazo lilimjia akiwa ndani ya teksi, akalichora kwa krayoni nyekundu, na hakuchukua malipo. Lakini Glaser alikuwa na karibu miaka 50, alikuwa na studio yake na jina lake, na ule ulikuwa mji wake uliokuwa na shida kubwa ya fedha. Alitoa. Hakunyang'anywa. Zawadi ni ile ambayo mtoaji angeweza kukataa kuitoa bila kupoteza kazi, rafiki au chakula cha jioni. Kijana aliyemaliza chuo mwaka jana, anayeambiwa "fanya hii ya bure halafu tuone," hana uhuru huo.

"Wewe si ndiye unayehubiri programu huria kila siku? Mbona wenzako wanatoa kodi bure?" Hili ni swali zuri, na mwenye kuliuliza anijibu hili: yule pengwini wa Linux, Tux, alitoka wapi? Larry Ewing alimchora mwaka 1996 kwa programu huria ya GIMP, akaruhusu kila mtu amtumie na kumbadilisha, kwa sharti kwamba mtu akiuliza, atajwe yeye na GIMP. Angalia hapo mambo mawili. Yeye ndiye aliyepanga masharti. Na jina lake halikufutwa. Ulimwengu wa programu huria umejengwa juu ya leseni, yaani juu ya ridhaa iliyoandikwa. Ubure tuupendao sisi ni wa mwenye kitu kusema "chukueni". Ubure mnaoutaka nyinyi ni wa mchukuaji kusema "nimechukua". Vitu hivi viwili havina hata undugu wa mbali.

"Anaipenda kazi yake, ni kipaji." Daktari wako pia anaipenda kazi yake. Mlipe kwa makofi uone.

Na sasa hii ya kisasa: "Siku hizi akili bandia inachora, kwa nini nikulipe?" Tangu 2022, programu kama DALL-E 2, Midjourney na Stable Diffusion zilipofika mikononi mwa watu, kakitu ka dakika kumi kamekuwa kakitu ka sekunde kumi. Mimi si adui wa vyombo hivi. Navitumia katika kazi ya kodi, na vinasaidia. Lakini kwa kuwa navitumia, najua vinaishia wapi. Mashine itakupa picha 40 kabla chai haijapoa. Nani atachagua? Nani atajua kwamba ya tatu inafanana mno na nembo ya mshindani wako wa pale Industrial Area? Nani atajua kwamba ikipunguzwa iwe ndogo kama ile alama ya programu kwenye simu itakuwa doa jeusi, au kwamba ni picha ya pikseli, ukiikuza iwe bango la Mombasa Road itaonekana kama ukuta wa matofali? Mbunifu anakupa faili ya vekta, unaikuza hata ifunike ghorofa. Unayemtafuta bado ni yule mwenye macho.

Halafu kuna suala la mali. Huko Marekani, mahakama ilisema mwaka 2023, na mahakama ya rufaa ikakubali mwaka 2025, kwamba picha iliyotengenezwa na mashine peke yake, bila binadamu kuwa mtunzi, haipati hakimiliki. Wasanii nao walianza kuzishtaki kampuni za mashine hizi Januari 2023, wakidai kazi zao zilitumika kuzifundisha bila idhini. Unataka uso wa biashara yako usimame juu ya ardhi yenye kesi? Shauri yako. Wazee walisema rahisi huvunja upishi.

Nimewapiga wateja vya kutosha. Sasa nyinyi wabunifu, njooni hapa kidogo, maana na nyinyi mna lenu.

Kwanza, sheria. Wengi wenu mnaamini kwamba kwa kuwa umechora wewe, mchoro ni wako mpaka ulipwe. Soma kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001. Kinasema hakimiliki huanzia kwa mtunzi, lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, inahesabiwa kwamba hakimiliki imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Umeona mtego? Ukikaa kimya, sheria inaanza ikiwa upande wa mteja. Kinachokusaidia ni yale makubaliano. Kifungu cha 32 kinakuachia haki ya kutambuliwa kama mtunzi na ya kupinga kazi yako kuharibiwa, lakini haki hiyo hailipi kodi ya nyumba. Kwa hiyo:

1. Andikianeni. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha. Ukishindwa kabisa, hata ujumbe wa WhatsApp unaosema kazi ni ipi, bei ni ngapi na siku ya mwisho ni lini, ni bora kuliko maneno ya mdomoni.

2. Chukua arbuni, nusu ya bei, kabla hujafungua programu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, "sina njia ya kukutumia" si sababu tena Kenya hii.

3. Hesabu masahihisho. Mara mbili, mara tatu, baada ya hapo kila "hebu jaribu na rangi nyingine" ina bei yake. Bila hivyo utapokea faili la mwisho-mwisho-kabisa-la-12.

4. Andika sentensi hii: "Hakimiliki ya kazi hii itabaki kwa mbunifu mpaka malipo yote yakamilike." Ni maneno machache sana, na ndiyo yanayogeuza kile kifungu cha 31 kikutazame wewe.

5. Ukidhulumiwa, usiishie kulia mtandaoni. Mahakama ya Madai Madogo ilianza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mteja mwenye deni la shilingi 40,000 anategemea wewe kutolijua hili.

Pili, usafi. Huwezi kulilia hakimiliki ya nembo yako huku Photoshop uliyonayo imetoka kwenye flashi ya jirani, fonti zako umezikwapua, na lile jua linalochomoza kwenye bango lako umelitoa kwenye Google. Mteja mjanja atakuuliza tofauti yako na yeye iko wapi, na utakosa jibu. Njia safi ipo, na haina gharama. Inkscape ipo tangu 2003, inachora vekta. GIMP na Krita zipo. Google Fonts ipo tangu 2010, na fonti zake zina leseni huria; unaruhusiwa kuzitumia hata katika kazi ya biashara. Kama mteja anakulipa vizuri, nunua programu unayoitaka. Ukiwa huna, tumia huria ujivunie.

Tatu, acheni kuuana kwa bei. Mmoja akikataa nembo ya shilingi 500, mwingine anaruka, "mimi nafanya kwa 300." Mnamfundisha mteja kwamba kelele zake ndizo bei ya soko. Wachoraji wa matatu hawana digrii nyingi, lakini nani amewahi kuwaona wakigombea nganya kwa shilingi 300?

Na sisi watengeneza programu tusijifanye watazamaji. Ni sisi tunaoandika bajeti ya mradi tukiweka seva, kikoa, majaribio na hata soda za kikao, kisha mwishoni kabisa tunasema "halafu tutatafuta mtu apake rangi." Kana kwamba ubunifu ni rangi ya kucha! Mtumiaji haoni hifadhidata yako maridadi. Anaona kitufe. Kikiwa mahali pabaya, programu yako ni mbovu, hata kama kodi yake ni tamu kama halua. Mbunifu aingie kikao cha kwanza, na jina lake liwe na mstari wake kwenye bajeti, pamoja na tarakimu.

Je, kama kweli huna pesa? Hilo halina aibu, wengi tulianza hivyo. Sema ukweli: "Nina shilingi hizi, naweza kupata nini?" Mbunifu mwaminifu atakupa kitu kidogo kinachokutosha. Lipa kwa awamu. Badilishaneni kazi: yeye anahitaji tovuti, wewe unajua kuijenga, mfanye biashara mkiwa sawa kwa sawa. Au chagua fonti huria moja iliyotulia, andika jina la biashara yako kwa rangi moja, uishi nayo mpaka utakapoweza. Jina lililoandikwa vizuri bila nembo ni heshima tosha. Nembo ya dhuluma si heshima.

Vijana wa nchi hii wanajua kuchora. Shujaaz, jarida la katuni linalozungumza Sheng, lilianza mwaka 2010 na kufika mwaka 2012 lilikuwa limeshinda tuzo ya International Digital Emmy. Kwa hiyo kipaji tunacho. Tunachokosa ni adabu ya kulipa.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walisema wazee. Walionya juu ya sifa. Hawakusema mgema asilipwe. Na huyu wa kwetu anapewa sifa peke yake, halafu tunashangaa tembo ni maji matupu.

Lipeni watu.